Kwa Miguu Mpaka Kasese, Isipokuwa Pale Penye Tembo

Mara mbili katekista wetu wa Bwera alilitoa jina langu kwenye orodha ya kipaimara, na mara zote mbili, nikisema ukweli, alikuwa na haki. Mara ya kwanza niliuliza darasani kama ndugu zake Lazaro, waliokwisha kugawana nguo zake, walizirudisha alipofufuka, au alikaa na sanda mpaka Jumapili. Mara ya pili niliigiza sauti yake kanisani. Yeye hukohoa kabla ya kila sala na huimalizia puani. Alipokuwa bado katikati, mimi kule nyuma nikamalizia, "Milele na milele," na kanisa zima likaitika Amina likaketi. Alibaki amesimama peke yake, mikono juu.

Basi mdogo wangu akapata kipaimara kabla yangu. Tunalala chumba kimoja. Asubuhi akivaa sare ya shule alikuwa ananiuliza, "Dada, una ujumbe wowote nikufikishie kwa Roho Mtakatifu? Maana ninyi bado hamjajuana."

Nilicheka, lakini iliniuma. Watu hudhani mtu wa mizaha hataki kitu. Mimi nilikitaka kipaimara hicho kweli. Nilikuwa nimechoka kusali kama mtu anayechungulia dirishani kwenye harusi ya wengine.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, katekista akaniita kando baada ya misa.

"Binti, utakatifu ni kazi. Ni kama kupalilia kahawa mteremkoni. Askofu atatoa kipaimara Kasese siku ya Pentekoste, na sisi tutakwenda kwa miguu, siku mbili. Utatembea kila hatua, na mdomo huo utafungwa. Tukifika, ndipo nitaona kama jina lako niliandike."

"Mwalimu, hata nikijikwaa nisiseme kitu?"

"Umeanza."

Kwetu tuna kahawa mteremkoni, kwa hiyo najua ukweli ambao hakuutaja: ukimaliza kupalilia juu, chini kumeshaota tena. Lakini nilinyamaza.

Siku ya kwanza nilitembea kama mjane wa chifu. Mwimbaji mmoja wa sauti nene aliteleza akaketi juu ya kinyesi cha ng'ombe bila kuachia noti yake, na mimi sikusema neno. Vichekesho vilinijia, nikavimeza kimoja kimoja, vikanikaa tumboni kama muhogo mbichi. Tulipofika Kisinga nilikuwa na malengelenge miguu yote miwili, na nilikuwa nayafurahia. Mama mmoja alishindwa akapanda bodaboda. Nilimtazama kwa ile huruma ya watakatifu, yenye dharau ndani.

Asubuhi ya pili tukafika Kikorongo, pale njia panda. Malori yamepanga mstari, wanawake wanauza mahindi ya kuchoma, na mbele kidogo, kwenye barabara ya kwenda Kasese, askari wa mbuga amesimama na bunduki.

"Simama! Hakuna kutembea hapa. Tembo iko barabarani na toto yake."

Lori la maharage lilikuwa linakuja kutoka mpakani. Afande akalipungia mkono likasimama. Dereva, Mkongomani wa Butembo, akatoa kichwa dirishani.

"Bapande bote! Miye pia niko mukristo. Hakuna kulipa."

Walipanda wote. Hata katekista, kanzu nyeupe ameikunja kiunoni, alipanda haraka kuliko vijana. Mimi nikabaki chini.

"Afande, niliahidi kutembea kila hatua."

"Uliahidi nani?"

"Mungu. Na yule pale juu ya magunia."

"Mungu itasamehe. Tembo hapana."

"Mutoto," dereva akaita, "tembo haikusoma katekisimu! Panda!"

Nilimtazama katekista aseme kitu. Alinyoosha mkono tu, lakini afande hakuwa na subira: alinishika kiunoni akanirusha juu ya maharage kama gunia jingine. Nililia pale, kweli. Njia nzima nilikuwa nimejizuia, na sasa nimebebwa, na hatua zilizobebwa hazihesabiwi. Nilikuwa nimelipoteza jina langu mara ya tatu, na safari hii bila hata kuchekesha mtu.

Lori likaenda polepole. Tembo alisimama kando ya lami, masikio wazi, mtoto wake akijificha chini ya tumbo. Katekista alifumba macho akasali bila kukohoa hata mara moja, na daftari lake likateleza kutoka kwenye mfuko likafunguka magotini kwangu.

Bila shaka nilisoma. Ilikuwa orodha. Juu ameandika "Imepelekwa Kasese", na tarehe ya wiki tatu nyuma. Jina la tatu lilikuwa langu.

"Mwalimu!" nikanong'ona. "Jina langu lilishakwenda!"

Akafumbua jicho moja. "Funga daftari."

"Na malengelenge yangu je?"

"Hayo ni yako."

"Wiki tatu! Kwa nini ulisema utaona tukifika?"

Akamwangalia tembo kwanza, kisha mimi. "Niliogopa ukijua utabweteka. Nilikosea kukudanganya." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe, wiki niliyoandikwa kipaimara, nilikuwa nimekunywa divai ya misa. Nusu chupa. Na katekista wangu alijua."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikauma gunia, maana tembo alikuwa bado yuko karibu. Katekista naye mabega yakaanza kutikisika.

Tulipovuka, dereva akasimamisha lori. "Miye nafika Kasese. Benye kuchoka bakae!"

Watu wakaangalia miguu yao. Mimi nikaruka chini.

"Binti, kaa," katekista akasema. "Jina lako lipo."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nashuka."

Wakashuka wengi, katekista naye, wakinilaumu. Nikavitoa vichekesho vyote nilivyovimeza jana, kimoja baada ya kingine, mpaka yule mwimbaji akaomba tupumzike kwa sababu ya mbavu. Malengelenge hayakupona. Kila hatua ilichoma vilevile, ila sasa sikuwa na mtu wa kumwonyesha, na milima kushoto kwetu ilikuwa imetoka kwenye mawingu, bluu kabisa.

Karibu na mji katekista akaanza kuchechemea. Nikarudi nyuma nikamshika mkono.

"Usinivute," akasema.

"Sikuvuti, mwalimu. Tunaenda tu."

Tukaingia Kasese hivyo hivyo, polepole, yeye akilalamikia mwendo wangu, mimi nikiimba kwa sauti mbaya sana.