Kimya Alivyokuja Kufungua Magurudumu

Mtaani walimwita Dokta, na jina hilo hakulipata darasani. Alilipata kwa miaka thelathini ya kutibu pikipiki. Aliusikiliza mlio wa injini, akainamisha kichwa kidogo, kisha akautaja ugonjwa kabla hajashika spana. Kiharusi kilipompiga kilimchukulia mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta, na juu ya hayo kikamchanganyia maneno. Akitaka maji, ulimi unatoa "mlango." Akitaka mlango, unatoa jina la shangazi yake aliyefariki zamani. Mwanzoni mkewe alicheka, naye akacheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki. Baada ya miezi minane hakuna aliyecheka tena.

Pikipiki yake ikarithiwa angali hai. Mkewe alijifunza kuiendesha ukubwani, akafunga kreti mbili nyuma, akawa anasambaza mikate madukani kila asubuhi. Aliendesha vizuri, tena bila mbwembwe. Kilichomtesa Dokta ni matairi. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni akiyaona yanavyoisha siku hadi siku, mpaka la nyuma likaota upara na nyuzi zikaanza kuchungulia. Mkewe akanunua mapya mawili, akasema Jumapili ataipeleka pikipiki gereji.

Dokta akapiga ngumi mkono wa kiti. "Hapa," alisema, na safari hii neno lilitoka zima.

Mkewe alielewa. Gereji pekee iliyobaki pale mtaani ilikuwa ya Kimya, na wawili hao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka tisa. Walianza ufundi pamoja wakitumia kisanduku kimoja cha spana, na Kimya ndiye aliyemsindikiza Dokta siku ya kuoa. Kisha siku moja mteja alitoka gerejini kwao, mnyororo ukakatika mteremkoni, akavunjika nyonga. Kila fundi akamnyooshea mwenzake kidole. Watu walimwamini Dokta, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuongea. Kimya, kama jina lake, alikusanya vyake akaondoka. Jambo ambalo Dokta hakumwambia mtu, hata mkewe, ni kwamba kile kipini cha kuungia mnyororo alikifunga yeye mwenyewe, harakaharaka, huku akipiga soga. Alilijua siku ileile.

Jumapili asubuhi mkewe alitandika gunia uani, akapanga spana, akakunja mikono ya gauni. Dokta alikuwa aelekeze kwa kidole. Sasa, kuna jambo alilowafundisha wote waliopita mikononi mwake: nati ya ekseli hulegezwa pikipiki ikiwa bado imekanyaga chini kwa magurudumu yote mawili. Ukishaipandisha kwenye stendi halafu uvute kwa nguvu, itashuka. Lakini mkewe alikuwa mtu wa kumaliza kazi zake, na kabla Dokta hajajiweka sawa kitini alishaikanyaga stendi, pikipiki ikawa juu.

Dokta akafungua mdomo kumzuia. Likatoka neno "sabuni."

"Sabuni ya nini tena, baba?"

Akatikisa kichwa, akaonyesha chini. Mkewe akatazama chini, akaona spana imeanguka, akaiokota na kumshukuru. Dokta akaonyesha tena, akaonyeshwa spana tena. Akachoka. Akaacha mambo yaende.

Fimbo ya breki ilitoka bila shida. Nati ya ekseli ikagoma. Mkewe alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapumzika, akavuta tena. Hapo Dokta akajiinua, akaburuta mguu hadi kwenye gurudumu, akamwondoa kwa bega. Akaishika spana kwa mkono wa kushoto na kuivuta kwa uzito wake wote. Kwa kitambo kidogo alijiona fundi. Kisha pikipiki ikayumba, ikashuka stendi, ikamlalia.

Mguu uliobanwa ulikuwa ule usiohisi kitu, kwa hiyo hakulia. Alisikia tu mkono wa klachi ukivunjika juu ya saruji. Mkewe aliinyanyua pikipiki peke yake, akaiegemeza ukutani, akamvuta, akamfuta damu gotini. Hakumgombeza. Dokta angependa kugombezwa. Badala yake alirudishwa kitini taratibu, kama chombo kinachorudishwa kabatini, na mkewe akavaa viatu, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Alirudi na Kimya.

Alikuwa amenenepa na kuota mvi, lakini kisanduku kilikuwa kilekile, kimeungwaungwa kwa waya. Aliitikia karibu ya mama mwenye nyumba, akamsalimu Dokta kwa kichwa, akaanza kazi. Alilegeza nati zote mbili za ekseli magurudumu yakiwa chini. Ndipo akaipandisha stendi na kuchomeka kreti ya mbao chini ya injini. Akafungua chuma kinachoshikilia breki ya nyuma, akasukuma gurudumu la nyuma mbele kidogo, akateremsha mnyororo, akachomoa ekseli, kisha akapanga kila bushi na kila nati juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kutoka. La mbele likafuata. Hazikupita dakika ishirini, magurudumu yote mawili yalikuwa yamelala kwenye gunia. Hakukuwa na kosa hata la kusingizia.

"Shemeji, una sabuni?" Kimya aliuliza. "Tairi jipya halikai kwenye rimu bila povu."

Mkewe akageuka akamtazama mumewe, na uso wake ukawaka kwa furaha. Aliamini kwamba Dokta alijua tangu mwanzo, kwamba mle ndani bado fundi yupo. Dokta alitazama pembeni. Hakuwa amekusudia sabuni.

Magurudumu yaliporudishwa, Kimya alifika kwenye mnyororo. Akakigusa kile kipini cha kuungia kwa kidole gumba, akakigusa tena.

"Mnyororo," Dokta alisema. Kimya akainua macho. "Mnyororo... mimi."

Kimya akasubiri, spana mkononi. Dokta akajivuta hadi ukingoni mwa kiti, jasho likimtiririka, akajipiga kifua. "Mimi. Mlango. Mimi."

"Usijali, mzee," Kimya alisema kwa upole. "Nimekikagua. Hautakatika."

Walikuwa rika moja, lakini alimwita mzee. Kisha akamgeukia mwanamke na kumuuliza kama mgonjwa anakula. Akaambiwa anakula kidogo. Akauliza kuhusu usingizi, kuhusu choo, naye akajibiwa yote, Dokta akiwa kati yao.

Tangu hapo pikipiki ilipelekwa kwa Kimya, na Dokta hakupiga tena ngumi kiti. Kiharusi cha pili kilimkuta miezi michache baadaye, kikachukua hata "hapa" na "mimi," kikamlaza kitandani moja kwa moja. Aliendelea kusikia kila kitu, ingawa hakuwa na namna ya kuwajulisha.

Alasiri moja Kimya alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kigoda, akakaa sana, mpaka mke wa Dokta akadhani amesinzia. Kisha akasema mambo mengi kuliko aliyowahi kusema humo ndani. Alisema ule mnyororo wa zamani umemsumbua miaka yote. Amefikiri na kufikiri, na hakumbuki vizuri nani alikifunga kile kipini. Huenda ni yeye mwenyewe. Kama ni yeye, alimchafulia rafiki yake jina bure, na angependa amsamehe.

Dokta alimkodolea macho. Chozi likamtoka upande mmoja, likaingia sikioni.

Mkewe akalifuta kwa pembe ya shuka. "Unaona, shemeji," alisema. "Amekusamehe."