Ekai wa Burundi

Nikikumbuka siku ile bado nafunika uso kwa leso, na ninyi chekeni tu, nilijitakia mwenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa karani wa chuo kidogo hapa Lodwar, prinsipo akaniambia ukurasa wetu wa mtandaoni uonyeshe wanafunzi wa kimataifa, kwani vyuo vya wenzetu vyote vinao. Sisi hatukuwa na hata mmoja! Basi nikamwita binamu yangu Ekai, mwanafunzi wa umekanika, nikamvika shati la kaka yangu, nikampiga picha akicheka na kitabu mkononi (kimegeuzwa juu chini, hakuna aliyeona), nikaandika, "Jean, kutoka Burundi." Mkono ukishakolea hausimami, nikaongeza kwamba tuna ofisi ya wageni, tunawapokea stegi ya mabasi, na kitanda kipo.

Wiki tatu baadaye, wanafunzi wote wakiwa kwenye foleni ya uji, akaingia msichana na sanduku la bati. Espérance, Mrundi kamili, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa ameusoma ukurasa wangu, akangoja stegi tangu asubuhi. Kabla sijafungua mdomo akamwona Ekai, akaacha sanduku, akamkimbilia kwa furaha.

"Jean! Amahoro!"

Ekai, kikombe mkononi, akaitikia salamu kwa Kiturkana chake: "Ejok!"

Espérance akammwagia Kirundi, na Ekai (mjinga yule hakukimbia hata) akawa anatikisa kichwa, "ejok, ejok," foleni ikaangua kicheko mpaka mpishi akaacha mwiko sufuriani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi. Prinsipo naye akatoka.

"Ofisi ya wageni iko wapi?" Espérance akauliza, sauti imeshuka. "Kibali yangu ya kutoka kambi inaisha kesho. Bila barua ya kusema niko na mahali ya kulala, narudi kambini. Mulisema kitanda iko."

Kicheko kikakatika. Prinsipo akageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini huruma ikanisukuma nje.

"Ofisi ni mimi," nikasema. "Na kitanda ni changu."

Nikaandika barua, prinsipo akaitia sahihi palepale. Muhula mzima Espérance alilala kitandani kwangu, mimi kwenye mkeka. Picha ya Ekai niliifuta, na nilipotaka kumpiga Espérance yake nikamwomba acheke kidogo.

"Nicheke nini, dada? Andika kwanza kwamba karani analala kwa mkeka."

Nikaandika. Na tangu siku hiyo siahidi mtu kitanda mtandaoni kabla sijakitandika kwa mikono yangu.