Fundi Nassibu Aenda Mwaseni

Fundi Nassibu alikuwa mshonaji wa Kibiti, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza kama bustani. Mwaka 1956 alinunua pikipiki kuukuu kwa mpima ardhi Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na kasoro moja: haikuwaka mpaka isukumwe na watu wawili.

Mkewe Mwanasiti, shangazi wa mama yangu, alivumilia kelele na moshi. Siku alipokuta doti yake mpya ya kanga imefutiwa mnyororo, alisema maneno, fundi akajibu maneno, na katika kujibu akatoa talaka moja. Kesho yake alijuta, lakini Mwanasiti alikwisha kwenda kwa kaka yake Mwaseni, mbali upande wa juu wa mto. Fundi akakaa akijuta miezi mitatu kasoro siku moja. Nimewaza sana juu ya wanaume wanaojuta taratibu namna hiyo.

Mwanasiti alikwishapita umri wa kuzaa, kwa hiyo eda yake ilihesabiwa kwa miezi ya mwandamo, nayo ilikuwa inakwisha Ijumaa jua likizama. Kabla ya hapo fundi angeweza kumrejea. Baada ya hapo ingekuwa posa mpya, mahari mapya, na shemeji asiyempenda.

Ijumaa asubuhi majirani walimsukuma, pikipiki ikawaka, akaondoka peke yake. Kupita Mahege nyumba zilipungua, halafu zikaisha, likabaki pori na mavi ya tembo njiani. Alijua akizima injini pale, wa kumsukuma ni nyani.

Saa nane alifika kwenye shamba la mpunga lililo peke yake. Juu ya dungu la miti alikaa bibi mmoja, Mwanamkuu, akiulinda mpunga usiliwe na ndege. Kumpita mtu mzima porini bila salamu ni jambo ambalo fundi asingeliweza hata kwa bunduki. Kusimama pia asingeweza, injini ingezimika. Basi akaanza kulizunguka dungu.

“Shikamoo, bibi!”

Mzunguko wa pili akapokea jibu. “Marahaba. Watoka wapi?”

Wa tatu akasema Kibiti. Wa nne akaulizwa habari za Kibiti. Wakati huo ndege wote walikuwa wameruka kwa ule mngurumo, na Mwanamkuu, ambaye hakuwa amepumzisha mikono tangu alfajiri, aliliona hilo. Akaulizia mvua. Akaulizia watu wa Umwe, mmoja mmoja, na waliokufa pia. Fundi alijibu kila swali kwa adabu, akizidi kulala upande mmoja, mpaka bibi akaridhika na kumwambia aende salama.

Alienda salama maili sita. Mafuta yakaisha mbele ya wazee wawili waliokuwa wakikata ukindu wa kusukia mikeka, Mzee Mtoro na mdogo wake Sadallah. Fundi alishuka, bado akielemea kushoto, akawaeleza mambo yote huku akilitazama jua, ambalo halikuwa na muda naye.

Mzee Mtoro alimsikiliza hadi mwisho. “Sasa mwanangu, Mungu anasikia Mwaseni tu? Kurejea ni ulimi. Ungesema kule kule Kibiti, umekaa kwenye cherehani yako.”

Fundi aliwashonea kanzu walimu wa dini wa Kibiti wote, na kwa aibu hakuwa amemuuliza hata mmoja. Alisema pale pale, mbele ya wazee wale wawili, kwamba amemrejea mkewe Mwanasiti. Sadallah alicheka mpaka akaketi juu ya ukindu.

Kesho yake adhuhuri alifika Mwaseni akisukuma pikipiki. Mwanasiti alikuwa uani, anapepeta mchele. Fundi akampa habari: rejea ilipita jana, kabla ya magharibi, na mashahidi wapo.

“Imepita jana,” alisema Mwanasiti. “Basi leo umefuata nini?”

Sheria haikutaka Mwanasiti aulizwe, na wote wawili walijua. Fundi alijipangusa vumbi.

“Nimekuja kukuuliza kama utarudi.”

Mwanasiti alimaliza ungo wake wote, punje kwa punje. Kisha akaingia ndani, akatoka na furushi, ambalo, kama alivyoniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, lilikuwa limefungwa tangu Jumanne.