Kitone cha Philomene

Philomene Ignace, mpishi mstaafu wa shule mjini Kamloops, Kanada, alifundishwa na bibi yake kusoma hatimkato, maandishi ya alama fupifupi ambayo wazee wa jamii yao waliyatumia kuandikiana barua. Mtaalamu mmoja wa maandishi alipomletea orodha ya alama za hati hiyo zitakazoingizwa kwenye kompyuta, aliipitia taratibu, kisha akaweka kidole kwenye kiduara kimoja.

“Hapa umesahau kitone, mwanangu. Bila kitone ni sauti ‘o’, kikiwepo ni sauti ‘au’.”

“Kitabu changu hakina kitone, mama.”

“Kitabu chako hakikuandikiwa barua na babu yangu.”

Akafungua kopo la biskuti, akamtolea barua tatu. Mtaalamu alizisoma, akarekebisha orodha. Baada ya miaka miwili, alama zilipokwisha kuingizwa, Philomene aliandika jina la bibi yake kwa hati hiyo kwenye kompyuta. Lilipotokea sawasawa, kitone kikiwa mahali pake, akalitazama mpaka chai ikapoa.