Kichwa cha Bibi

Leo asubuhi, kwenye saluni moja hapa Mbeya, nilisikia harufu ya nywele zinazoungua, nikamkumbuka bibi yangu wa Kalenga. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja.

"Mimi sinunui mafuta, sisumbuliwi na chawa, na mchawi hana cha kuokota kwangu," alinitania akininyoa uani. Kila alipomaliza, alizichoma nywele zangu zote.

Siku moja upepo ulipeperusha kishungi kimoja. Tulikitafuta tukakikosa. Kesho yake tulikikuta mlangoni, kimefungwa uzi mwekundu.

"Bibi, nani amekileta?"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Siku ukiwa na kichwa kama changu, utalala vizuri."

Siku hizi nywele zangu zinadondoka. Wenzangu wananipa pole. Mimi nazichoma, nasubiri ziishe.