Mchi wa Hulda

Siku hizi Mbau, kwa hofu ya waasi wa msituni, hakuna mwanamke anayekwenda shambani peke yake. Asubuhi wanapita kwa mstari, wa mbele anaita kila mlango, na ukiitwa unajua wewe ni mtu wa watu. Kaswera, mjane mwenye shamba la maharagwe ng'ambo ya kijito, aliitwa miaka yote bila hata kulifikiria jambo hilo.

Kisha mbuzi wa Hulda akala sombe ya Antoinette, majani yake ya muhogo. Hulda alikuwa rafiki wa Kaswera tangu katekisimu. Antoinette, mgeni kutoka Bandundu ya mbali, mke wa askari, au soda kama wanavyosema hapa, ndiye aliyekaa na Kaswera chini siku tatu za matanga, mume wa Kaswera alipofariki. Antoinette akamfunga mbuzi, Hulda akatukana, na kufika Jumapili mistari ikawa miwili. Kwa ajili ya mbuzi! Waliomchukia Hulda tangu zamani walijikuta marafiki wa Antoinette. Kavuo, ambaye kwa ugomvi wa mpaka wa shamba hakumsalimu Kaswera miaka sita, sasa alitembea bega kwa bega na Hulda, maana naye hakuwapenda wageni.

Kaswera alisalimu huku na huku, akidhani huo ni wema. Lakini alipofika mahali, maongezi yalikatika. Na maharagwe yalikuwa yamekauka, mvua iko karibu.

"Muchi yangu iko wapi?" Hulda alimuuliza siku moja kwenye bomba.

Mchi huo wa kutwangia sombe, Hulda aliuacha kwa Kaswera, naye Kaswera akamwazima Antoinette kabla ya mambo ya mbuzi. Kusema hivyo tu kungetosha. Lakini Kavuo alisimama pale, anamtazama mdomo.

"Iko kwangu," akasema. "Nitakuletea."

Kesho yake aliitwa, tena kwa sauti ya Kavuo mwenyewe: "Kaswera, tuende!" Karibu alie kwa furaha, na furaha hiyo ikamwaibisha. Barabarani Antoinette alikuwa anafagia.

"Mama Kaswera, umelamuka muzuri?"

Macho yote yakamgeukia Kaswera. Akaangalia miguu yake, akapita. Siku nzima alijichukia. Alichuma maharagwe yote, akayarundika shambani ayabebe kesho.

Waliporudi, mchi ulikuwa umeegemea mlango wake, umeoshwa vizuri, na Antoinette anaondoka bila kugeuka. Hulda akauchukua, akaunusa.

"Kumbe iko kwako," akasema. "Kumbe ni ya bibi ya soda."

Kavuo akacheka kidogo. Wengine wakaenda zao.

Asubuhi Kaswera alikaa na kikapu magotini, kitambaa kichwani. Mstari wa Hulda ukaja. Wakaita jirani wa kushoto, wakaita wa kulia, hatua zikaisha. Baadaye ukaja mstari wa pili, Antoinette akiwa wa mwisho. Kaswera akatoka mbio.

"Mama Antoinette, umelamuka?"

Antoinette akaangalia miguu yake, akapita. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati.