Pumzi ya Inchi Mbili

Siku ya kwanza nilipofika kibandani kwa mzee Ackson nilidhani ana kasoro kidogo kichwani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, macho ameyafumba, mdomoni ana kipande cha bomba la chuma, analipuliza taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeingia mpaka ndani, umejikalia juu ya mitungi ya gesi na rundo la egzosi kuukuu. Nikamwamkia. Akainua kidole kimoja kuniambia nisubiri, akaendelea kupuliza. Mimi hasira zangu ziko karibu, na pikapu yangu ilikuwa nje inanguruma. Lakini kidole kile kilinishinda, nikasubiri.

Mjini walimjua kama fundi wa egzosi, basi. Kwao Lufingo walimjua kwa jina la Besi, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alipiga lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika kikundi cha kanisa la Moravian. Alfajiri ya Pasaka walikuwa wakipiga makaburini, jua likichomoza nyuma ya migomba, na bibi zetu wanasema sauti ya besi yake ilikuwa inapita chini ya miguu kabla ya kufika masikioni. Halafu akaacha. Sababu ya kuacha nilikuja kuisikia kwake mwenyewe, baadaye kidogo siku hiyohiyo.

Mimi nabeba maziwa. Kila asubuhi nakusanya keni za wafugaji wa Kinyala na kuzileta kituo cha maziwa mjini, na pikapu ile ndiyo inayonilisha na wanangu. Mwezi huo maziwa yalikuwa yamekataliwa mara tatu kwa kuchachuka. Yustina, mwenyekiti wa wafugaji, alinifuata bila hata kupandisha sauti. "Dada Tumpe, yakirudi tena mara moja, keni zetu atabeba mwingine." Nilitamani angenigombeza tu.

Kosa lilikuwa langu, ingawa siku hiyo nilikuwa sijakubali. Injini ya pikapu ina turbo, nayo turbo ikisukuma hewa huitoa ya moto. Hewa hiyo lazima ipite kwenye intakula, kile kisanduku cha mapezi cha kupozea, ndipo iingie kwenye injini. Kati ya hivyo vitu ni mabomba tu. Ya kiwandani yalipopasuka nilimwambia fundi mmoja wa barabarani aniwekee mapana kuliko yote aliyonayo, inchi tatu, nipate nguvu. Mimi ni mtu wa kutaka makubwa. Tangu hapo, kwenye ile kona kali ya mlima wa Lufingo, kila nikibadili gia gari inakata pumzi na kusimama. Nashusha nusu ya keni kando ya njia, napanda, nashusha zile nilizopanda nazo huko juu, juani, narudi kuchukua zilizobaki. Nikifika kituoni maziwa yameshaharibika.

"Nakusikia kila asubuhi," mzee Ackson aliniambia alipotoa bomba mdomoni. "Nyumba yangu iko juu ya kona hiyo. Unachelewa palepale."

"Nachelewa nini, tata?" nilimwuliza, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu.

Alifungua boneti, akatazama bomba langu la inchi tatu, akacheka bila sauti. Kisha akanipa kipande cha upana huohuo, kirefu kama mkono. "Puliza. Kiganja weka huku mwisho."

Nilitazama barabarani kama kuna mtu ananiona, nikapuliza. Kiganjani sikusikia kitu. Nikapuliza tena mpaka kizunguzungu kikanishika, ndipo upepo ukafika, mvivu, kama mgeni asiyetaka kuingia. Akanipa chembamba, inchi moja na nusu. Humo pumzi ilifika haraka lakini mashavu yaliniuma, ikawa inagoma kutoka. Mwisho akanipa cha inchi mbili. Nikapuliza kidogo tu na kiganja changu kikapoa papo hapo.

"Umeona?" alisema. "Injini yako ndogo. Ukiipa bomba kubwa fijo, kubwa mno, turbo inajaza bomba kwanza, injini inangoja. Besi nayo ni hivyohivyo. Lazima uanze kupuliza kabla ya wenzako, la sivyo wimbo unaondoka unakuacha."

Basi ikawa ni kuchagua bomba la kitu gani. Hapo nikajitia ujuaji. Pembeni palikuwa na bomba la maji la plastiki la upana uleule, nikamwambia tuweke hilo, jepesi, na kwa baridi ya huku kwetu haliwezi kuyeyuka. Alinishika mkono akausogeza karibu na njia ya kutokea turbo. Nikaurudisha mbio.

"Baridi ni ya mlima," alisema. "Injini haijui kama iko Rungwe."

Bomba la maji la chuma, lile lililopakwa zinki, alilipitishia kucha kwa ndani na kunionyesha vigamba vikibanduka. Hivyo vitaingia kwenye injini. Chuma cha kawaida nacho, kwa mvua zetu hizi, kitaota kutu ndani kabla ya mwaka. Aluminiamu aliisifu kwa wepesi wake na kwa kupoza vizuri, ila mashine ya kuichomelea hana, na asingenidanganya. Akabaki akitazama dari. Nilikaribia kumwambia alale kabisa.

Kumbe alikuwa anatazama kitu. Alipanda juu ya pipa akavuta kutoka darini bomba lililofungwa kwa gunia. Lilikuwa la stenlesi, la kung'aa, laini kwa ndani kama kikombe. Kituo cha maziwa kilipobadili mabomba yake zamani, yeye alinunua yale ya zamani kwenye chakavu. Inchi mbili kamili, na kona zake zimepindwa taratibu, hazikuvunjwa.

"Humu yamepita maziwa ya Kinyala yote," alisema. "Linajua njia."

Alilikata na kulisafisha mpaka mchana, kila kipande akikipuliza mavumbi ya grainda kwa pumzi yake mwenyewe. Ni hapo aliponiambia kuhusu Agness, mkewe. Siku ya kumzika wenzake walimwomba akae na wafiwa, akakataa. Alisema besi ya Agness ataipiga yeye. Wimbo ulipoanza pumzi haikuja. Wote wakaingia, yeye kimya, na sauti yake ilipotoka ubeti ulikuwa umefika katikati.

"Nilimchelewesha," alisema, akikaza klipu ya mwisho. "Toka siku hiyo sijaishika."

Nikamshikia spana.

Kesho yake nilitoka Kinyala saa moja, keni zote zimejaa, Yustina amesimama getini kwake ananitazama nikiondoka. Ukungu ulikuwa mwingi, migomba inatokea na kupotea, na mimi naendesha kama niko ndotoni, nikiogopa kuamshwa na ile kona. Ikafika. Nikabadili gia. Moyo ukasimama badala ya gari, maana pikapu haikusita hata kidogo. Mlio mnene, wa chini, ulipanda kutoka mbele ukapita miguuni mwangu, na mlima ukaanza kurudi nyuma yangu. Juu ya kona, kati ya migomba, nilimwona mzee Ackson amesimama, ngumi ameiweka mdomoni, mashavu yamejaa.

Kituoni Obed, mpokeaji, alichanganya maziwa na spiriti kwenye kichupa chake akatikisa. Akatazama kwenye mwanga. Akatikisa tena, mtu huyu ana roho mbaya. Hayakuganda, maana yake hayajachachuka.

"Leta keni zote," alisema.

Nilirudi mbio mpaka nyumbani kwake, juu ya kona, kumwambia mzee. Sikumkuta mlangoni. Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, amechuchumaa kando ya kaburi la Agness, anang'oa majani. Nilitaka kusema habari za Obed, za Yustina, za keni zote kupokelewa, lakini alikuwa anaongea, na si mimi aliyekuwa anaongea naye.

"Umesikia asubuhi?" alimwambia. "Safari hii besi imewahi."

Nilichuchumaa upande wa pili, nikaanza kung'oa majani na mimi.